Siku Nilipowasha Miwa Pande Zote

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipolitia moto shamba la miwa na baba yangu mzazi yumo ndani. Nakwambia mapema ili usinidhanie mimi ni mtu wa kusifiwa katika habari hii. Mpaka leo nikisikia harufu ya majani yanayoungua moyo hunienda mbio, nami nina wajukuu tisa.

Tulikuwa jamaa wa nyumba chache tukilima miwa ya kutafuna bondeni Mtongwe, huku kwetu Likoni, na kuiuza kivukoni. Miwa ikishazeeka hupoteza utamu, basi tulikuwa tukilichoma shamba na kupanda upya. Aliyeshika kiberiti ni ami yangu Bakari, ndugu mkubwa wa baba. Akiwasha pande tatu tu. Upande wa nne, wa kijitoni, akiuacha wazi. Niliwahi kumuuliza sababu.

"Humo mna viumbe," akanijibu. "Viache vipate pa kutokea."

Nikaona hayo ni mambo ya kizee.

Wiki ile swila alimtemea baba sumu machoni akiwa katikati ya shamba. Baba alilitupa panga lake humo humo, akarudi nyumbani akipapasa. Daktari alimfunga macho kwa kitambaa, akasema atapona inshallah, ila asikifungue kwa siku kadhaa. Tangu hapo mimi sikuwa na raha. Nikifunua mtungi naona kama mna kitu kimejikunja ndani. Nikitandika kitanda nakung'uta shuka mara tatu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na woga ule ulinifanya mkatili.

Ami alisema tutachoma Jumamosi. Alhamisi nikachukua kiberiti na mafuta ya taa, nikawasha pande zote nne. Nilikusudia, mwanangu. Nilitaka yule nyoka akose njia. Nikasimama kuutazama moto unavyoshika, na nakiri kwamba nilifurahi.

Mara mama akaja mbio kutoka nyumbani, kichwa wazi, kanga mkononi.

"Mwanaidi! Babako yuko wapi? Kitandani hayupo!"

Kabla sijajibu tukasikia mtu akikohoa katikati ya miwa. Baba alikuwa amechoka kulala. Alikuwa ameingia kutafuta panga lake, akifuata mistari ya miwa kwa mikono, maana shamba lake alilijua hata akiwa amefungwa macho. Alipohisi joto akaita, "Moto uko upande gani?"

Moto ulikuwa kila upande.

Ami Bakari alitokea na panga, akakimbilia upande wa kijitoni ambako majani yalikuwa na unyevu na moto haujapanda sana. Akawa anakata, mimi navuta kwa jembe na mama anazima kwa matawi mabichi, mpaka ukapatikana uwazi wa upana wa mlango. Moshi ulikuwa mzito hatuoni kitu. Ami akasimama pale akaanza kuadhini kwa sauti yake yote, wala haukuwa wakati wa swala. Alitaka ndugu yake apate sauti isiyokatika, aifuate.

Aliyetangulia kutoka alikuwa swila. Nilikuwa na jembe mkononi nikaliinua. Ami hakukatiza adhana, alinyoosha mkono tu kunizuia. Ningempiga angesimama kupigana pale pale kwenye uwazi, na baba alikuwa anakuja na miguu mitupu. Basi nikaganda. Yule nyoka akapita karibu na kidole changu cha mguu, akaingia kwenye matete. Ndipo nikaiona mikono ya baba ikipapasa moshi.

Aliungua miguu na mikono, na kifua kilimsumbua muda mrefu, lakini alipona. Ami alipopata pumzi alinitazama.

"Wewe ulimwogopa nyoka," akasema. "Mimi sasa nakuogopa wewe."

Baba akauliza ni nani aliyewasha. "Ni mimi, baba," nikamwambia. Baba akanyoosha mkono ulioungua, akaniambia nimshike nimpeleke nyumbani. Nililia njia nzima, naye hakunikemea hata neno moja. Ingekuwa afadhali angenikemea.

Mwanangu, kuogopa si aibu. Lakini siku utakapomwogopa mtu, awe mwizi wa mtaani au jirani unayemshuku kwa maneno ya watu, usimzingire. Mwachie pa kutokea, hata kama una haki, hata kama wenzako wanakucheka. Ukishaziba kila upande hutajua ni nani mwingine umemfungia, na utakapojua, mikono yako haitatosha kuzima.

Mola akuhifadhi na kila cha kutisha. Na akuhifadhi zaidi usije ukawa wewe ndiye unayetisha watu wako. Amina.