Msitu Katikati ya Viwanda vya Thika

Kazi yangu ni kusoma picha za setilaiti na kukadiria miti imehifadhi kaboni kiasi gani. Safari hii ilianza kwa ubishi. Kati ya viwanda vya Thika palionekana kipande cha msitu mrefu, na wenzangu katika ofisi yetu ya Kahawa Sukari walitaka tukifute, wakidhani setilaiti imechanganya miti na mapaa. Nikawaambia, "Ngojeni kwanza niende nione."

Asubuhi nilitoka nyumbani Ruiru kwa pikipiki yangu, nikiwa na mkanda wa kupimia. Kufika Juja ukungu ulikuwa umeisha, na mbele nikaona moshi wa viwanda.

Thika, ramani ya simu ilinifikisha kwenye geti la chuma. Ndani yalikuwa makaburi ya Waislamu. Funguo zilikuwa kwa Saidi, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara.

"Mnapima ndio mtunyang'anye hii shamba?" aliuliza alipouona mkanda.

"Hapana, napima miti tu. Hebu ona."

Kwenye picha ya setilaiti niliyomfungulia simuni alilitambua paa la kibanda chake, akacheka. Halafu akaiinamia tena.

"Na baba yangu anaonekana? Amelala chini ya ule mti mkubwa."

"Hapana, ndugu. Inaona miti peke yake."

Akafungua kufuli.

Ndani, miti ilikuwa minene kuliko nilivyotarajia. Nilimweleza kwamba setilaiti hupima urefu vizuri, lakini uzito wa mti haujulikani vyema bila kupima unene wa shina. Alishika ncha ya mkanda, nami nikauzungusha.

"Pitia huku," alisema. "Hapo kuna mtu."

Tulipomaliza ule mkubwa nilimwambia ndio uliobeba kaboni nyingi kuliko yote. Saidi akaguna.

"Na huu tunaukata wiki ijayo, ukuta mpya wa makaburi upite."

Alimpigia mwenyekiti wa kamati ya makaburi simu papo hapo. "Huo ukuta, si tuupindishe kidogo?" Walivutana kwa muda, kisha akatabasamu. "Amesema atakuja auone kwanza."

Alasiri nilikuwa ofisini. Vipimo vilimaliza ubishi, na ule msitu ukabaki kwenye ramani.

Nilichojifunza ni kwamba setilaiti inaweza kukuonyesha msitu hata mahali ambapo hakuna aliyeutarajia. Lakini ukifika, piga hodi. Miti ina wenyewe.

Baadaye Saidi alinitumia picha. Ukuta mpya umepinda na kuupisha mti wa baba yake. Yeye mwenyewe amesimama kando ya mti, uso ameuelekeza angani, anaipungia setilaiti mkono.