Nilivyompangia Aama safari ya hekalu la mlimani, na mimi ni Mlokole

Wakuu, habari za kwenu. Nitaeleza kitu nilichokifanya kwa mikono yangu, sijaongeza chumvi. Atakayeona ni uongo, aniulize hapa hapa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, Mkongo wa Uvira, nimekulia kambini Kigoma. Sasa niko Columbus, Marekani, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao.

Mzee wangu ni bibi wa Kinepali. Namwita Aama, maana yake mama. Naye amekula miaka ya kambi kama mimi, huko Nepal, baada ya watu wake kufukuzwa nchi jirani walikozaliwa. Kiingereza chake kidogo, changu cha kuungaunga, ila tunaelewana.

Siku moja akanionyesha picha ukutani. Hekalu liko juu mlimani, linaitwa Muktinath. Wahindu wanaliheshimu, Wabuddha pia, wote wanasali pale pale.

Akasema, "I go. You help."

Bon, nikacheka. Miaka sabini na kitu, presha, na ngazi za apartment alikuwa anaishia ya sita anatafuta pa kukaa! Kule ni zaidi ya mita elfu tatu na mia saba, hewa nyepesi.

Lakini hakuwa anatania. Nikampeleka kwa daktari wake. Daktari akampima moyo na mapafu, akasema anaweza kujaribu, mradi ajiandae na apande polepole.

Tukaanza. Kila shift tunapanda ngazi. Wiki ya kwanza sita, baadaye kumi, mwisho ghorofa nzima anapanda huku ananisimulia habari za majirani.

(Kanisani waliniuliza kama nimebadili dini. Nikawaambia namsaidia mama kutembea, basi.)

Mwanawe wa kiume, Bishnu, anafanya kazi warehouse huko Okolona, Louisville. Yeye alikubali haraka. Tatizo lilikuwa binti, Sita, anaishi Buffalo. Alinipigia simu kwa hasira.

"Dada, wewe ni mhudumu, siyo mtoto wake. Akifia kule utajibu nini?"

Wakuu, niliumia. Na kazi niliiona inaondoka. Lakini swali lake lilikuwa la haki.

Nikachukua daftari nikaandika mpango wote. Kathmandu kupumzika. Pokhara kupumzika. Jomsom, mji wa chini ya hekalu, kulala siku mbili mwili uzoee. Halafu gari hadi karibu, na farasi pale miguu itakapokataa.

Ukurasa wa mwisho niliandika dalili za kurudi chini. Kichwa kikiuma, hapandi. Akianza kuyumba au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo.

Jumamosi Bishnu akatuchukua kwa gari, safari mpaka Buffalo. Nyumba ya Sita iko Riverside. Chai ikaletwa, nikafungua daftari mezani.

Sita akasoma mpaka mwisho. Akasema, "Mpango ni mzuri. Lakini mama haendi."

Aama akaweka kikombe chini, akaongea Kinepali, taratibu. Sita akageuza uso. Bishnu ndiye aliyenitafsiria.

"Anasema, tangu tuje Marekani tunamuuliza kama amekula na kama amemeza dawa. Hakuna aliyemuuliza anataka kwenda wapi."

Sita akafuta macho, akaniambia, "Basi nitaenda naye mimi. Nipe hilo daftari."

Wakaondoka na Bishnu, watatu. Mimi nilibaki na watoto wangu.

Asubuhi moja niko jikoni, Sita anapiga kutoka Jomsom. Kichwa kinamuuma mama, na kesho yake ndiyo siku waliyoichagua ya kuabudu. Nyuma nasikia Aama anafoka.

"Dada, tupande?"

"Daftari linasemaje?"

"Asipande."

"Basi asipande. Mungu wenu hahami kesho."

Siku hiyo ikapita, Aama akawanunia. Kichwa kilipotulia kabisa, wakapanda.

Pale hekaluni kuna mifereji mia na nane ya maji ya baridi kali, watu wanapita chini yake. Daktari alimwambia anawe mikono tu. Sita akaniandikia, "Tumemshika, akatuponyoka. Amepita chini ya mitatu!"

Picha ikafuata. Nywele zinachuruzika, anacheka kama msichana. Nililia, wakuu, sioni aibu kusema.

Amerudi mzima. Nilimuuliza aliomba nini kule.

Akasema, "Nothing. I say hello."

Nilichojifunza: mzee akitaka jambo kubwa, msimkatalie kwa woga wala msimkubalie kwa huruma. Kaeni, mpange, na sehemu ya kugeukia muiandike kabla hamjaondoka nyumbani.

Mliowahi kusafiri mbali na mzazi mzee, mlifanyaje? Na nyie mliomkatalia, semeni pia, hapa hatuhukumiani.