Tulivyosaga unga wa ruracio kwa mafuta ya chipsi, Ruiru miaka ya tisini

Wakuu, salamu kutoka Thika. Hii sikuambiwa na mtu. Nilikuwepo, na nguo zangu zilinuka mafuta wiki nzima.

Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha chipsi hapa Thika mjini. Mume wangu, Baba Kamau, alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, na zile pesa walimpa akanunua posho mill, mashine ya kusaga unga, ya injini ya dizeli. Tukaiweka Ruiru tulikokuwa tunakaa, upande ambao stima haikuwa imefika.

Hiyo mashine ndiyo ilikuwa shamba letu.

Shida ikawa dizeli. Wiki hii iko, wiki ijayo hakuna. Na mimi huku kila jioni namwaga mafuta ya kukaangia yakishakuwa meusi. Ilikuwa inaniuma sana.

Jirani yetu, Mwalimu Wafula, mtu wa Bungoma, alikuwa anafundisha chemistry. Nikamuuliza kama injini haiwezi kuchoma mafuta yangu. Akasema inaweza, lakini si vile yalivyo, ni mazito na yataziba. Unayachanganya na methanol na caustic soda kidogo, unaacha yatulie. Glisarini inashuka chini. Ile nyepesi ya juu unaiosha na maji, unaikausha. Hiyo ndiyo biodiesel.

Tulijaribu nyuma ya nyumba yake, mahali pa wazi, glavu mkononi. Hizo dawa si za kuchezea, wakuu.

Mara ya kwanza mafuta yalikuwa na maji ndani, tukapata uji wa sabuni. Mara ya pili tuliyachemsha kwanza maji yaishe. Yakatoka safi, rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Nilifurahi kama nimejifungua.

Baba Kamau akakataa kabisa.

"Mama Kamau, hii injini ikikufa, watoto watakula sabuni yako?"

Sikubishana naye. Niliweka mtungi wangu kwa kona.

Sasa ikafika ruracio ya Wanjiku, msichana wa jirani. Wazee wa upande wa kijana walikuwa wanakuja na mahari, na huku kwetu huwezi pokea wageni kama hao bila ucuru, ule uji mchachu. Unga lazima usagwe mapema ndio uji uchachuke. Mama yake akaleta mahindi na wimbi, na siku hiyo Ruiru yote hakuna dizeli. Baba Kamau akaenda na baiskeli hadi Juja, akarudi na mtungi mtupu.

Mama Wanjiku alikuwa ameketi juu ya gunia lake. Hakupandisha sauti.

"Baba Kamau, watu wanatoka Murang'a. Niwape maji?"

Mzee akaweka ule mtungi mtupu chini. Halafu akaniangalia.

"Lete hiyo kitu yako."

Nikamimina kwa tanki. Akazungusha hendo ya kuwashia injini. Ikakohoa, ikazima. Akazungusha tena, ikashika.

Ule moshi mweusi wa kila siku haukuwepo. Ulitoka mwepesi, unanukia chipsi, na wamama kwa foleni wakaanza kulalamika wanasikia njaa. Baba Kamau aliweka mkono juu ya injini, akasikiliza.

"Inaenda laini," akasema. Basi.

Mahindi na wimbi zikasagwa zote. Ruracio ikafanyika na wageni wakaongezewa ucuru.

Baadaye filter iliziba. Mwalimu akatueleza biodiesel inaosha uchafu wa zamani kwa tanki, tukabadilisha filter na kazi ikaendelea. Tulikuwa tunachanganya na dizeli ikipatikana, na bila dizeli tunatumia yangu peke yake, mpaka stima ilipofika.

Nilichojifunza: kabla umwage kitu, uliza mwenye kujua kama kina kazi ingine. Na usitie mafuta ya jikoni kwa injini moja kwa moja, utalia.

Siku hizi mzee akisimulia, wazo lilikuwa lake. Mimi huwa namwongezea chai tu.

Kuna mwingine hapa amewahi kutengeneza? Ya kwenu ilitoka rangi gani?