Simu ya RAM 16 ilivyotaka kunifanya tapeli wa njegere mbele ya mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa shikamooni.

Humu ndani kila wiki kuna ubishi: kwenye simu kipi muhimu, specs au software? Mimi nilikuwa timu specs, tena mkali. Leo naleta ushahidi dhidi ya timu yangu mwenyewe.

Sijaongeza chumvi. Mwenye shaka aje Moro nimpandishe Mgeta akamuulize mama mkwe. Habari hii yeye anaisimulia vizuri kuliko mimi, na kwa furaha zaidi.

Kwanza mnijue. Kazi yangu ni kununua mboga milimani na kuzishusha mjini. Nahesabu magunia yakipanda gari, nahesabu yakishuka. Na nikinunua lazima nidai lumbesa, ule mlima wa nyongeza unaopanda juu ya mdomo wa gunia. Bila lumbesa najiona nimeibiwa.

Sasa mtu wa namna hiyo mpeleke dukani kununua simu.

Nikawekewa mbili mezani. Ya kwanza RAM 6, brand inayojulikana kwa kutoa update, haina mbwembwe. Ya pili jina sijawahi kulisikia, ila imeandikwa 8+8, kamera megapixel 108, betri kama tofali. Bei zinakaribiana.

Nikauliza, "Hiyo 8+8 ndiyo nini?"

"Nane yake, na nane ya juu, bosi."

Wakuu, nane ya juu! Hiyo si lumbesa hiyo? Nikajumlisha mara mbili, mara zote ikaja 16. Nikabana bei, nikadai kava na protekta, nikapewa. Nikatoka pale nikimwonea huruma muuzaji.

Baadaye ndipo nikaelewa kwamba ile nane ya juu siyo RAM. Ni kipande cha storage kinachoazimwa kifanye kazi ya RAM, na kasi yake haikaribii. Yaani lumbesa imejazwa majani.

Siku za mwanzo ilikuwa inaganda kidogo kidogo, na ukiwasha kioo tangazo la mikopo linakutangulia. Nikasema bado ngeni, itazoea.

Tuje kwenye tukio.

Mama mkwe ana shamba la njegere. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo shamba ni lake na mabinti zake. Mimi pale ni mkwe, napewa heshima na chai. Msimu huu akaniomba nimtafutie mnunuzi wa uhakika, nikampata Mama Nasra, anapika kwenye harusi mjini.

Mama Nasra hanunui kwa picha. Alishapigwa huko nyuma: mdomoni mwa gunia njegere nene, chini maganda matupu. Sharti lake sasa, gunia limwagwe kwenye turubai huku anaangalia kwa video call, kuanzia mdomoni hadi chini, bila kukatika.

Akiridhika, gari linashuka. Asiporidhika, njegere zimeshachumwa. Zikilala ndani ya gunia zinapata joto na kugeuka njano, na jasho la msimu mzima la yule mama linakwenda kwa ng'ombe wa jirani.

Asubuhi tukakusanyika uwanja wa kanisa la kigango, maana ndipo mtandao unapokamata vizuri. Skola, mdogo wa mke wangu, akashika gunia. Mimi nikatoa mashine yangu kwa madaha.

Gunia likamwagwa. Lilipofika nusu, sauti ya Mama Nasra ikatoka kwenye spika:

"Kaka, mbona hazisogei?"

"Zinamwagika dada, angalia."

"Naona zilezile za mdomoni. Umenitegeshea picha?"

Simu ikawa ya moto, app ikajifunga yenyewe, tangazo la mikopo likatokea. Nikapiga tena. Gunia la pili, nusu, ikaganda palepale.

"Ahaa! Kila tukikaribia chini, simu inaugua," Mama Nasra akasema. "Mbinu za magunia nazijua zote kaka, ila hii ya simu ni mpya. Hongera." Akakata.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, kasikia yote. Hakupandisha sauti.

"Mkwe, huyo mama ananiita mimi mwizi?"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke, ila hata ardhi yenyewe ni ya kwao.

"Hapana mama, ni mtandao tu."

Skola akacheka. "Mtandao upi shemeji? Chomoa laini yako, weka kwenye simu yangu."

Simu ya Skola ni RAM 4, mtumba, kona moja ya kioo ina ufa. Ila system yake ni nyepesi, haina matangazo, na update bado zinaingia. Nikachomeka laini, nikampigia Mama Nasra. Hakupokea. Nikapiga tena, akapokea.

"Nakupa gunia moja, na nachagua mimi. Lile la mwisho kule, lililoinama."

Nikageuza kamera, Skola akalivuta lile lililoinama, akamwaga. Nusu ikapita. Njegere zikaendelea kushuka hadi gunia likabaki mfuko mtupu.

"Kung'uta pembe," Mama Nasra akasema.

Skola akakung'uta pembe zote mbili.

"Haya, pakieni. Na yule mama mwenye shamba mpe simu nimwombe radhi."

Somo sasa. Sisemi specs ni bure. Simu ya Skola ukiiwekea game zito inalia. Lakini namba kwenye boksi ni mdomo wa gunia tu. Chini kuna chip gani, software imejaa takataka kiasi gani, na update zitaendelea hadi lini? Siku hizi nikiwa dukani napiga video call palepale mpaka simu ipate joto, ndipo nafungua mdomo kuhusu bei. Wauzaji hawanipendi, na mimi sikwenda kutafuta mchumba.

Karibuni mchangie, hasa timu specs wenzangu mliobaki. Mwenye kujua namna ya kuondoa lile tangazo la mikopo aseme, nimeshalizima mara mbili na bado linanisalimia.

Ila kabla hujaandika "mkuu, huo ni mtandao," kumbuka laini ilikuwa ileile na uwanja uleule. Mama mkwe nilimpa jibu hilohilo, na ndiyo maana sasa hivi Skola ndiye anayeongea na Mama Nasra, mimi nakung'uta pembe.