Jalada la Ng'ombe Mwenye Pembe Mbili

Nikiwa mtoto nilimwona baba yangu akitoa panya kwenye pombe.

Naanzia hapo, ingawa panya huyo hahusiani na mahakama. Nyumbani kwetu Kituntu tulikuwa tumetengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya wageni waliokuja kumposa shangazi yangu. Ndizi zilikanyagwa kwenye ule mtumbwi wa mti, na nyasi zake, mpaka maji yakatoka, mtama ukatiwa, juu yakafunikwa majani ya mgomba. Kesho yake asubuhi baba akafunua. Panya alikuwa anaelea, tumbo limevimba, meno nje kama anacheka. Baba akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Mimi hakuniona, nilikuwa mfupi na nilikuwa nyuma ya mgomba najisaidia. Akamshika mkia, akamrusha huko, akakoroga, akaonja, akasema peke yake, "Imeiva."

Wageni wakanywa wakasifu. Mzee mmoja alisema hajawahi kunywa rubisi yenye ladha nzito namna ile. Shangazi akaolewa na akazaa watoto wanane, kwa hiyo sidhani panya alidhuru kitu. Ila kaka yangu, aliyenizidi miaka sita, alipewa kibuyu chake akakimaliza chote, na mimi nikamwangalia tu, sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia. Tangu siku hiyo, kabla ya kunywa chochote mahali popote, mimi hunusa kwanza. Watu hudhani ni maringo. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinipa chai ananiambia, "Nusa basi, hakimu wa vikombe."

Sasa huyo kaka ndiye ninayemfikia.

Baba alipofariki, wazee wa ukoo walikata kibanja, shamba letu la migomba, vipande viwili, juu kwa kaka, chini kwangu. Kila mmoja alikuwa na ng'ombe wake mmoja, maana migomba bila samadi ni majani tu. Ng'ombe wa kaka alikuwa na pembe moja iliyovunjika, aliivunja kwenye zizi akiwa ndama. Wangu alikuwa na pembe zote mbili, ndefu, nzuri, mpaka watu wa Kyerwa waliokuwa wakipita kwenda mnadani walisimama kumwangalia. Si kwamba najisifu. Au basi, najisifu, ng'ombe mwenyewe hayupo tena.

Asubuhi moja jirani yetu wa ng'ambo ya kijito akakuta migomba yake michanga imeliwa na kukanyagwa, karibu nusu ya shamba. Akapiga kelele mpaka tukasikia wote. Kaka akaja kwangu, akakaa kwenye kigoda changu, akatafuna kahawa, akasema:

"Mdogo wangu, mpelekee kibuyu."

"Kwa nini mimi? Ng'ombe wangu alilala amefungwa."

"Nani amesema ni wako? Lakini wewe ndiye unayepakana naye. Mpelekee, mnywe, yaishe. Mimi nikienda mimi mkubwa, itaonekana kesi."

Kwetu ndivyo ilivyo. Jirani akipata hasara, unapeleka kibuyu hata kama hujui mkosaji ni nani, mnakunywa kwa mrija mmoja mmoja, moyo wake unapoa. Si kukiri. Ni adabu. Nikapeleka. Jirani akapokea kwa mikono miwili, tukanywa, akanishukuru. Wiki mbili baadaye akanishtaki mahakama ya mwanzo, madai ya fidia.

Siku ya kesi ilipokaribia, ngiri ikanishika. Nikalazwa hospitali nikapasuliwa. Nikampa kaka karatasi ya daktari nikamwambia, mpelekee hakimu, aahirishe. Kaka akasema, "Wewe pona tu." Nilipotoka nikaenda kuuguzwa kwa binti yangu Nyabiyonza, mwezi na nusu. Niliporudi, zizi lilikuwa tupu. Kesi imekwisha, nimeshindwa, ng'ombe amechukuliwa. Kaka alikuja jioni ile na mkungu wa ndizi begani, akanipa pole mpaka machozi.

"Nani alisema ni ng'ombe wangu?" nikamuuliza.

"Nani tena? Si yule Mrundi wake."

Mrundi wake alikuwa kibarua wa jirani, mtu ambaye wazazi wake walitoka Burundi, mwenyewe kazaliwa hapa hapa. Mtu mpole, mwembamba, shati moja la kijani. Kila asubuhi nilikutana naye kwenye njia ya kijito, na kila asubuhi alisema, "Shikamoo mzee." Kuanzia siku hiyo sikumwitikia. Miaka saba. Si kusahau, hapana. Nilikuwa nasimama, nasubiri amalize kusalimu, natema mate pembeni, ndipo napita. Naandika hivi ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Na nilifurahia. Chuki ya kila asubuhi ni kama tumbaku, ukiikosa siku moja unajiona mgonjwa.

Mwaka wa saba akaniwekea jembe njiani.

"Mzee," akasema, "leo hutanipita. Mimi nimekusalimia miaka yote hii, nikadhani una uziwi. Jana mke wangu ameniambia unasema mimi nilikutolea ushahidi."

Nikatema mate pembeni.

"Sijawahi kuingia mahakamani hata kufagia. Kesi inaandikwa, mzee. Kitabu kipo. Nenda kasome. Jina langu likiwamo, mimi nahama hapa na watoto wangu. Lisipokuwamo, utaniitikia salamu zangu zote, nimezihesabu."

"Umezihesabu?"

"Nitakupunguzia za Jumapili."

Nilitaka kucheka nikakasirika. Lakini maneno yale yalinikaa. Huyu mtu alikuwa ameweka nyumba yake rehani kwa jina kuwamo au kutokuwamo kwenye karatasi, na mimi nilikuwa sijawahi hata kufikiri kwamba karatasi ile ipo na ninaweza kuiona. Nilidhani kesi ikiisha wanaichoma.

Basi nikaenda. Sitasema mahakama ipi, ziko nyingi. Nilivaa koti. Shule yangu mimi ni darasa la pili, na baadaye kidogo kisomo cha watu wazima, ambako mwalimu alikuwa anasinzia kuliko sisi. Nasoma, lakini nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Karani alikuwa binti mwenye heshima, kucha za rangi, simu mbili. Nikamwambia nataka kujua nani alinitolea ushahidi.

"Namba ya shauri, babu?"

"Shauri la ng'ombe."

"Babu, hapa nusu ya mashauri ni ya ng'ombe. Namba. Au mwaka."

Mwaka niliujua kwa ngiri yangu. Akafungua daftari kubwa, rejista wanaiita, akanionyesha: huku jina la mdai, huku la mdaiwa, huku aina ya madai, huku mwisho wake. Mdai ni aliyelalamika, mdaiwa ni mimi. Tukateremka kwa kidole ukurasa baada ya ukurasa. Watu wa Rugera wanadaiana mbuzi, watu wameshtakiana kwa mche wa kahawa, kwa baiskeli, kwa mahari ya mtu aliyekwisha kufa. Nikaona aibu kama nimechungulia chooni kwa watu. "Ni rekodi za wazi, babu," akasema, "mtu yeyote anaruhusiwa kuomba." Nikamwambia basi Mungu atusaidie.

Tukalipata. Akaniambia niandike barua ya kuomba nakala. Niliiandika pale pale kwenye benchi, mistari minne, saa nzima. Kisha akafungua stoo ya majalada ya zamani. Harufu iliyotoka humo! Mikojo ya popo, karatasi zilizolowa, mavi ya panya juu ya kila kitu. Majalada yamefungwa kamba ya katani, mengine yametafunwa pembe. Nikaziba pua kwa koti. Binti wa watu akaingia na kucha zake, akatoka na jalada langu, akalikung'uta vinyesi mlangoni.

"Hapa kuna mwenendo na kuna hukumu," akasema. "Watu wote wanataka hukumu tu, wanaenda zao. Hukumu inakwambia umeshindwa, na hilo unalijua. Nani alisema nini, hayo yako kwenye mwenendo."

Akaniachia nisome. Neno la kwanza nililovuka lilikuwa, *Mdaiwa hayupo, bila taarifa.*

"Mimi nilituma taarifa! Karatasi ya daktari!"

Akapekua. "Kila karatasi ikiletwa inapewa namba humu ndani. Moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Ya daktari haimo, babu. Haikufika."

Shauri likasikilizwa upande mmoja. SM1, maana yake shahidi wa kwanza wa mdai, ni jirani mwenyewe: migomba, hasara. Halafu SM2. Walimwandika wanavyowaandika wote: jina, miaka, Mnyambo, mkulima, Mkristo, ameapa. Jina la kwanza nililisoma bila kulielewa. La pili lilikuwa jina la baba yangu.

Nikalirudia. Nikaweka kidole chini yake. Nikamwuliza karani kama makarani huwa wanakosea majina.

"Hukosea," akasema. Kisha akageuza jalada akasoma, akaniangalia. Akaninunulia soda. Sikuinywa.

SM2 alisema ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika ni wa mdogo wake. Alisema aliziona nyayo. Alisema mdogo wake alijua kosa lake, ndiyo maana alipeleka kibuyu cha pombe kuomba radhi, na yeye kama kaka alikuwa na habari hizo. Hakimu akaandika kwamba mdaiwa alikiri kwa vitendo. Basi. Kurasa mbili na nusu. Siku thelathini za kukata rufaa zilikuwa zimeisha nikiwa Nyabiyonza nalishwa uji. Na ng'ombe aliyetolewa zizini kwangu alikuwa na pembe mbili, wakamwona wote, hakuna aliyeuliza. Mwenye pembe moja kaka alimpeleka mnadani nikiwa hospitali. Aliniambia alimuuza kwa sababu hakuwa anatoa maziwa.

Nilitapika nje, karibu na bendera. Naomba radhi. Nilikumbuka ule mkungu wa ndizi alioniletea. Nilikuwa nimeula wote.

Nilifika kwa yule kibarua mchana, akiwa anapalilia maharage. Nikamwambia jina lako halimo. Hakuinuka.

"Nilijua halimo," akasema. "Mimi nilimwambia bosi, ng'ombe aliyekula migomba pembe imevunjika, nimemwona kwa macho. Akasema nyamaza, hayo ya wenye ng'ombe. Nani kumbe?"

Nikamwambia nani. Akaacha jembe.

"Nitakuletea kibuyu," nikasema, maana sikujua neno jingine la kusema.

"Usithubutu, mzee! Utashtakiwa tena." Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Bado nyingi," akasema, akarudi kwenye maharage. Hakunikaribisha kukaa, na sikustahili.

Jumamosi ya wiki ile ile kaka alikuwa na wageni uani kwake, wamekuja kumposa binti yake. Niliingia na nakala mfukoni, imegongwa muhuri. Alifurahi kuniona. Akaniwekea kiti karibu yake, akanipa kibuyu na mrija. Nikanusa.

"Tazameni," akawaambia wageni, "bado ananusa, kama mbwa wa polisi!" Wakacheka.

Nikamnong'oneza, "Nimesoma kitabu cha mahakama. SM2."

Hakushtuka. Hilo ndilo linanichefua zaidi mpaka leo, hakushtuka hata kidogo. Alivuta mrija wake, akameza, akafuta midomo.

"Mimi nilikuwa na watoto shuleni," akasema taratibu, huku akitabasamu kwa wageni. "Wewe wa kwako walikuwa wameshaolewa. Ng'ombe wangu angekwenda, wangekula nini? Na wewe si ulipata ndizi?"

"Na karatasi ya daktari?"

"Sikumbuki karatasi. Kunywa, wageni wanatuangalia."

Nikamwangalia mdomo wake uliolowa. Nikafikiri habari ya panya, kwamba sasa ndiyo saa ya kumwambia, mbele ya wageni wake. Sikumwambia. Nikaweka kibuyu chini, taratibu, kisimwagike. Nikachukua fimbo yangu. Akaniita mara moja, kwa jina la utotoni, kisha nikasikia akiwaambia watu kwamba tumbo langu halijapona tangu ile ngiri.

Nikapita kati ya migomba yake nikatokea kwenye yangu. Kanisani, ambako zamani nilikatiza kwake, sasa naenda kwa kuzunguka njia ya kijito, ni mbali, na magoti hayataki. Uani kwake sijakanyaga tena.