Buluu ya Chumba cha Bibi

Muuza rangi pale Mtwara mjini alinitandazia kadi yenye buluu za kila namna, akaniuliza, "Dada, unataka ipi?" Nilitoka nyumbani nina uhakika, ndugu yangu, lakini mbele ya kadi ile kichwa kilivurugika kabisa.

Nilikuwa natafuta buluu ya chumba cha bibi, kule Mikindani nilikolelewa. Tangu alipougua bibi alikuwa kwangu Mtawanya, na kumbukumbu zilikuwa zikimtoka. Kila jioni alifunga kanga zake furushi na kunisihi, "Mke mwenzangu, nipeleke kwangu." Ndivyo anavyonitania tangu utotoni. Nyumba ya Mikindani mjomba alikuwa ameipiga lipu ya saruji, kuta zote zimebaki kijivu. Nikaamini chumba kikirudishiwa rangi yake bibi atapajua, na roho yake itatulia.

Lakini rangi yenyewe ilikuwaje? Mimi nakumbuka buluu iliyopoa, ya kanga iliyofuliwa miaka. Dada yangu akaapa ilikuwa na ukijani. Mjomba akasema sote waongo, ukuta ulikuwa mweupe. Nikamwuliza bibi mwenyewe. Akanishangaa: "Si ilikuwa rangi ya ukuta?"

Pengine kila mtu alikuwa na ukweli wake. Zamani, kila Ramadhani ilipokaribia, bibi alimwagia maji chokaa ndani ya pipa uani, nayo ikachemka yenyewe huku sisi watoto tukikimbia mvuke. Kisha alifunga buluu ya kufulia kwenye kitambaa akaikoroga humo, kwa kukadiria tu, ile iliyobaki baada ya kufua kanzu za babu, hivyo kila mwaka rangi ilitoka tofauti. Tulipaka kwa brashi za makumbi ya nazi, na ujira wetu ulikuwa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, tuliyoila na vidole vyenye chokaa. Ikiwa mbichi rangi ilikolea hadi tukadhani tumeharibu. "Ngojeni ikauke ndipo mlie," bibi alisema kila mwaka, na kweli ikikauka ilipoa.

Tena ilichafua, usiseme! Ukiegemea ukuta, bega linatoka na unga wa buluu. Mwalimu alinikung'uta mstarini akiuliza kama nimekuja na nyumba mgongoni. Bibi mwenyewe hakutoka chumbani bila kujipangusa bega. Jirani yetu alizoea kusema mtoto wa nyumba ile hapotei, mtazame bega tu.

Basi nikachagua buluu kwa kukisia, fundi akapaka mikono miwili ya rangi hiyo ya dukani. Siku ya kumleta bibi nilisimama mlangoni nikimtazama. Rangi ilikuwa ileile, au nilijiambia hivyo. Bibi aliingia taratibu, akaegemea ukuta kuvua kandambili kama zamani. Kisha mkono wake ukaenda begani, ukapangusa. Akakitazama kiganja. Hakikuwa na kitu.

"Pazuri hapa, mke mwenzangu," alisema kwa adabu ya mgeni. "Haya, sasa nipeleke kwangu."

Siku hizi hakuna anayekoroga chokaa ile, na pipa lenyewe sasa linatiwa taka. Nilimketisha kitandani, nikaegemea ukuta kitambo, halafu nikalitazama bega langu. Lilikuwa safi kabisa. Nami nikatamani mtu anipeleke kwetu.