Kiti cha Nyuma

Gari langu la kwanza nililivalisha kama sebule. Nilibandua vitambaa vya kiwandani kwenye viti vya mbele, nikajaza sponji ya godoro, nikashona juu yake pazia la nailoni. Mke wangu akamalizia na vitambaa vya kufuma, kama vile vya makochi yetu. Miaka ile ya sabini, pale Mwingi, gari lisilo na vitambaa lilisemwa kuwa la mtu asiye na mke. Kiti cha nyuma kilibaki kama kilivyotoka kiwandani kwa sababu pazia liliisha.

Jumapili moja nilimpeleka mama yangu hadi soko la Zombe. Alikataa kukaa mbele, asije akachafua vitambaa.

“Gari lako limevaa kunishinda,” akasema.

Nikawasha sigara.

“Haya, vuta. Choma sebule ya watu.”

Nilicheka, na cheche ikaanguka kwenye kiti cha mbele kilicho kando yangu.

Sijaona tena moto ukikimbia hivyo. Kabla gari halijasimama, viti vya mbele vilikuwa vinawaka vyote. Niliruka nje, shati linaungua mgongoni. Mlango wa mama ulikuwa ukifunguliwa kwa nje tu. Hendeli ya ndani ilivunjika zamani, nami nilikuwa nikisema nitaitengeneza.

“Mwaitu! Mama! Nakuja!”

Moto ulishafika kiti chake. Lakini hapo ukawa kama umechoka. Ulitambaa ukingoni, ukafuka moshi, ukasita. Nilizunguka gari, nikahangaika na mlango, nikamtoa. Alipoteza kiatu kimoja.

Mkaguzi wa magari alipokuja kutazama mabaki, alikata kipande cha kiti cha nyuma, akakilaza juu ya jiwe, akakiwasha upande mmoja. Moto ulijikokota kidogo, ukazima. Akawasha masalio ya sponji yangu. Hatukuwahi hata kusogea, yakaisha.

“Sheria ndiyo hii,” akasema. “Kiti, zulia, hata dari, vyote hupimwa kiwandani jinsi moto unavyotembea juu yake. Hakuna anayesema kisiungue kabisa. Mtu apate nafasi ya kutoka, basi.”

Mama akauliza, “Huyo aliyepima alijua mimi nitakaa hapo?”

“Hapana, mama.”

Alikishika kile kipande kilichoungua, akakipapasa kwa kidole gumba, muda mrefu.

“Basi alimfikiria mama wa mtu,” akasema.

Nami, mtoto wake, nilikuwa nimefikiria pazia.